Jina la Esteria Kwenye Ukurasa wa Pamoja

Darasani, katika chuo cha sheria hapa Lushoto, Esteria alikuwa mkimya. Akiulizwa alisimama, akaangalia meza, akakaa. Lakini Mwalimu Rubeni alipowafungulia wanafunzi ukurasa wa pamoja mtandaoni, kila kikundi kiandike humo hati ya madai na kila mtu aonekane kwa jina lake, binti huyu wa kijiji cha Bungu akapata sauti. Aliandika, akafuta, akabishana na wenzake pembeni mwa ukurasa.

"Kumbe mkimya huyu ana meno," mwenzake wa kikundi, Martin, alimtania.

Kwa kazi ya mwisho, yenye alama, Mwalimu alifungua ukurasa mpya na kuweka sharti moja. Ukurasa hutunza kumbukumbu ya nani kaandika nini, na asiyeonekana humo hapati alama.

Kabla Esteria hajaandika humo hata neno, mama yake alipooza upande mmoja. Hakuwa na mtu mwingine. Esteria akaenda kumuuguza, na kijijini kwao intaneti haishiki. Kila alasiri alipanda kilimani penye mtandao wa kupiga simu tu, daftari kalifunga kwenye kanga lisilowe, akamsomea Martin sentensi moja moja. Kesi yao ya mazoezi ilihusu jirani aliyeng'oa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka wa shamba. Martin alichapa kwa jina lake mwenyewe. Siku ya mwisho simu ilikatika kabla ya aya ya shahidi.

Aliporudi chuoni alikuta hana alama. Akamchukua Martin, wakaenda ofisini kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbukumbu haina hata neno lako moja."

"Nilimsomea Martin kwa simu. Daftari hili hapa."

"Daftari mtu anaweza kulinakili jana. Martin, ni kweli?"

Martin aliangalia viatu vyake. "Alinipigia, ndiyo. Alikuwa ananieleza hali ya mama."

Nje ya ofisi Martin alimnong'oneza, "Dada Este, nikisema sasa na mimi nafutiwa alama."

Mwalimu Rubeni si mtu mbaya. Alitaka kukomesha wavivu. Lakini angemuuliza binti yule aya ya tano inasema nini, angemtajia bila kufungua daftari. Hakuuliza. Kuhusu Martin sina utetezi. Anayesomea haki akamdhulumu mtu anayeuguza mama yake, mjane akifika mbele yake mahakamani atamtendea nini?

Bila alama zile Esteria hakuruhusiwa kufanya mtihani. Angeweza kurudia mwaka, lakini mama hawezi kujigeuza kitandani. Sasa yuko Bungu, analima maharage na kumwosha mama.

Mwezi uliopita alishuka Korogwe kutafuta dawa. Akiwa kwenye foleni, simu ilishika intaneti, na ukurasa ule ukafunguka. Hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Alisoma maneno yake, yote kwa jina la Martin, hadi pale simu ilipokatika. Akaongeza sentensi iliyobaki: "Shahidi yupo, aliona masale yaking'olewa, na yuko tayari kusema."

Jina lake likatokea kwenye kumbukumbu kwa mara ya kwanza. Foleni ikasogea. Akaweka simu kwenye mfuko, akamuulizia mama yake dawa.