Mdogo Wangu Aje Anisaidie

Kwenye laini za shamba lile, yaani vibanda vya wafanyakazi upande wa Ziwa, huku nyanda za juu, mwanamke hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na asiyekuwa na mtoto aliitwa kwa kazi ya mumewe. Mume wangu alikuwa mpishi wa Kaburu mwenye shamba, kwa hiyo mimi nilikuwa Bibi ya Mpishi. Sikuwahi kumsikia mtu akilitamka jina hilo kwa ubaya. Lakini mahindi yakishakuwa marefu hamwonani, mnaitana tu kutoka mstari hadi mstari, Mama huyu, Mama yule, kisha langu linafika na mimi nahisi kila mtu amenyamaza kidogo. Labda hawakunyamaza. Mpaka leo sijui.

Tulioana kanisani huko kwetu magharibi, tukapanda huku nyanda za juu kutafuta kazi kama wenzetu wengi. Miaka ikapita. Kila mwezi ulipokaribia kwisha nikawa mtu wa kwenda chooni kila saa kujitazama. Nilikunywa mizizi michungu. Niliacha kubeba kuni kichwani, kisha mwingine akaniambia kubeba kuni ndiyo dawa, nikaanza tena. Nesi wa mjini alinipima akasema hana anachokiona, nile vizuri na niache wasiwasi. Nikarudi nyumbani na wasiwasi mpya, wa namna ya kuacha wasiwasi. Mama mkwe naye alituma salamu kwa kila aliyekuja huku, akiuliza kama niko salama, hilo tu. Hakuna mtu aliyewahi kuijali afya yangu kama yule mama, na nilimchukia kwa hilo.

Mwaka mmoja, mvua ndefu zilipoanza, mwezi wangu haukuja. Uliofuata pia haukuja. Matiti yaliniuma, na harufu ya siagi kwenye nguo za mume wangu ikawa inanitapisha. Nilimwambia yeye peke yake, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Unaifunga mdomoni mpaka ijionyeshe yenyewe. Siku ile alicheka peke yake akimenya viazi, hadi mke wa Kaburu akamuuliza kama amekunywa.

Msimu wa kupalilia ulikuwa unakaribia, na mimi niliogopa kuinama siku nzima na jembe. Binamu ya mume wangu alikuwa anakwenda nyumbani likizo kwa lori la mahindi. Nikamwomba amwambie mama yangu hivi tu: mdogo wangu aje anisaidie. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna jambo lolote. Nikasema hakuna, aje tu. Akasema atafikisha, na kwamba mimi ni mtu wa moyo mzuri sana. Nilishangaa. Kuomba mtu wa kushika jembe kuna moyo gani mzuri?

Mdogo wangu alifika akiwa na gauni jipya, mkeka mpya, na shangazi yetu akimsindikiza. Nilifurahi kumwona shangazi, ingawa sikuelewa kwa nini mzee kama yeye amejisumbua safari yote ile. Alikula, akaomba, akalia kidogo, na kesho yake akaondoka. Mdogo wangu, ambaye nyumbani alikuwa na maneno kuliko redio, alikaa kimya. Jioni nikisonga ugali akaniuliza.

"Dada, mimi nitalala wapi?"

"Na mimi. Kwani ulitaka kulala na kuku?"

Hakucheka. Mume wangu alichukua blanketi lake akaenda kulala kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko la mzungu, kwa heshima ya shemeji, nami nikaona mambo yako sawa.

Hazikupita siku nyingi, nikiwa shambani, tumbo likanikata na damu ikatoka. Nesi alisema huenda ilikuwa mimba na imeharibika, au huenda haikuwapo; mwanamke akingoja sana, mwili wake wakati mwingine unamdanganya. Nilimuuliza mwili unatapikaje kwa ajili ya mtoto asiyekuwapo. Akasema hutokea. Nimewauliza wengine wengi tangu hapo, na madaktari pia, na wote wananiambia hutokea. Kwa hiyo sijui kama nilifiwa au la. Nililia, lakini hata kulia kwenyewe sikujua ninamlilia nani.

Jirani yangu, mama wa Kinandi ambaye mlango wake ulitazamana na wangu, alikuja na maziwa lala, yale ya mgando, kwenye kibuyu. Nilidhani amesikia na amekuja kunipa pole. Kumbe amekuja kunipongeza.

"Umefanya vizuri kuita huyu msichana," akasema. "Kwetu, mama kama hana mtoto anaoa bibi yake mwenyewe, na watoto wanakuwa wake. Nyinyi mnaleta dada. Ni kitu moja tu."

"Nimemwita anisaidie kulima."

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto anayedanganya vibaya, akaniwekea kibuyu mezani, akaenda zake.

Nikabaki nimekaa. Mkeka mpya. Gauni. Shangazi, ambaye kazi yake ni kusindikiza bibi harusi. Moyo mzuri wa binamu. Na desturi yenyewe sikuwa mgeni nayo, nyanya yangu aliingia katika boma lake kwa njia hiyo hiyo, akimfuata dada yake asiyezaa. Ningeisahauje? Nadhani ni kwa sababu nilijiona nina mimba. Nilikuwa nimeshajitoa katika kundi la wanawake wanaofanyiwa hivyo, na sikukumbuka kwamba watu wa nyumbani hawajui kuwa nimetoka.

Siku ile ile nilimuuliza mdogo wangu walimwambia nini.

"Walisema umeniita wewe," akajibu. "Ingekuwa ni mama mkwe wako ameniita, nisingekuja."

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini ukweli ulihitaji mimba, na mimba haikuwapo. Na msichana aliyesindikizwa na shangazi, akirudishwa, nani atauliza kilichotokea? Watasema amekataliwa. Nilimgeukia mume wangu nikamuuliza yeye anataka nini. Akasema anataka ninachotaka mimi. Nilikaribia kumpiga na mwiko, kwa sababu mimi sikujua. Asubuhi nilitaka mdogo wangu aondoke. Mchana nilitaka mtoto, atoke popote atakapotoka. Jioni nilimsikia mdogo wangu akiimba huku akiosha sufuria, nikampenda, kisha nikamwonea wivu kabla hajamaliza wimbo.

Habari zikafika kanisani kwamba mume wangu ameletewa mke wa pili. Wazee walituita, maana mume wa wake wawili haruhusiwi kwenye meza ya Bwana. Mume wangu alisimama akitazama kofia yake. Mzee mkuu hakumuuliza yeye, aliniuliza mimi.

"Mama, huyu dada yako, ni wewe ulimwita?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Ni mimi."

Ilikuwa kweli. Nilitafuta neno la kuongeza, nikakuta maneno yote niliyokuwa nayo ni ya damu na matiti na kutapika, hayasemeki mbele ya wanaume. Mume wangu akaondolewa mezani. Mimi nikaachwa, tena nikasifiwa kwa unyenyekevu, na sifa hiyo iliniudhi kuliko jina la Bibi ya Mpishi.

Baada ya mavuno ilijengwa nyumba ya pili, ya mdogo wangu. Udongo wa kuta tuliukanyaga wenyewe, mimi na mdogo wangu, na kuna siku tulicheka mpaka tukashindwa kufanya kazi. Sielewi tulikuwa tunacheka nini. Zipo siku nyingine ambazo sikumsalimia.

Mdogo wangu alijifungua mvua ndefu ziliporudi mara ya pili, mtoto wa kiume. Nilimpokea kwa mikono yangu, nikamfunga kanga, nikatoka nje kumwonyesha baba yake, na nikasimama mlangoni bila kujua kama ninampa au ninamwomba.

Mavuno ya mwaka ule tulikuwa kwenye mahindi, mdogo wangu mstari huu, mimi ule, mtoto amelala mgongoni kwangu kwa sababu alinizoea mimi zaidi. Kutoka mbali, mahali ambapo sikuweza kumwona, jirani yangu Mnandi akaita. Hakuita Bibi ya Mpishi. Aliita Mama, na jina la mtoto.

Tukaitika wote wawili kwa pamoja.

Kisha nikasikia mdogo wangu akivunja mahindi tena, haraka haraka, akisogea mbele kwenye mstari wake, akaniachia. Nimekaa na jina hilo mpaka uzee huu. Watu wakiniita, bado huwa nangoja kidogo, nione kama ataitika yeye.