Nani Amekuja Nawe?

Wasomaji wangu, Jumanne tulimzika mwenye nyumba mmoja wa hapa Mahajanga, mzee wa asili ya Ngazija aliyezaliwa Nosy Be. Wengi wenu mnaijua nyumba yake ya ghorofa karibu na bandari, ile yenye madirisha yasiyofunguliwa. Alikufa peke yake, chini ya vyumba vinne vitupu.

Tangu tupate uhuru, kodi hupangwa na ofisi ya serikali, na mpangaji akishaingia, kumtoa ni mpaka kwa hakimu. Wenye nyumba wengine hujifidia kwa kilemba, pesa ya chini kwa chini ya kupewa ufunguo. Yeye kilemba alikiita haramu. Kinga yake ilikuwa desturi ya wazee wake: mpangaji aje na mtu mzima wa kumsimamia, wanywe kahawa, wasome Fatiha, na tangu hapo wawe watu wa kuzikana. Lakini mji umejaa makarani na walimu waliohamishwa kwa barua, wasio na mjomba wala shangazi hapa. Wapangaji wa zamani walihama mmoja mmoja, na wapya akawarudisha mlangoni.

Mwaka jana nilikuwa nimeketi kwake alipoingia mwalimu mmoja kutoka Ambondrona, kule Nosy Be. Kusikia kisiwa chake kinatajwa, uso wa mzee ulikunjuka. Akamuuliza kwa Kimalagasi, “Nani amekuja nawe?”

“Sina mtu, mzee. Nina barua ya shule.”

“Barua haitanizika, mwanangu.”

Kisha akanitazama mimi. Alikuwa akiniomba, naliona hilo sasa. Ningesema tu, “Mimi namsimamia,” angetoa ufunguo. Nami, kwa kuogopa kuitwa kwa hakimu kwa ajili ya nisiyemjua, nikainamia kikombe changu. Mwalimu akaaga. Mzee akaniambia kwa Kingazija chake, “Zamani nyayo za wapangaji huko juu zilinikera. Sasa nazitamani.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema, na bado mwenyeji wetu hakupona. Jumanne wabebaji wa jeneza tulikuwa wachache. Bega langu lilipochoka, mtu akanipokea. Alikuwa yule mwalimu. Baada ya maziko nikamuuliza nani amekuja naye.

“Nimekuja mwenyewe,” akasema.

Nimeona haya, wasomaji wangu. Desturi ya mzee haikuwa na ubaya. Ilikosa mtu wa kusema neno moja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mwalimu bado anatafuta chumba. Safari hii nakwenda naye.