Siku Sita za Viza ya Kupita

Niliondoka Dodoma kwa sababu mdogo wangu Shabani alikuwa mahututi Kanada, na mama yetu alitaka mtu wa nyumbani awe kando yake. Shabani alikwenda huko kusomea mambo ya udongo. Ugonjwa wa damu ulimkuta akiwa mwaka wa pili. Ofisa mmoja wa hospitali alipiga simu ofisini kwetu, akaeleza kwa upole kwamba madaktari wamefika mwisho wa uwezo wao. Zilibaki wiki mbili, na zikizidi sana, tatu.

Jumamosi nilipanda basi hadi Kondoa kumpa Mama habari hizo. Hakulia. Aliniuliza kwa Kirangi kama huko kuna Waislamu. Nikamjibu kwamba sijui.

"Basi nenda wewe," akasema. "Asikate roho bila mtu wa kumsomea."

Kwetu mgonjwa akielekea mwisho, mtu wa damu yake hukaa kichwani pake, humsomea Yasini na kumtamkisha shahada. Hilo ndilo nililotumwa. Naeleza mapema ili msomaji ajue kila siku iliyopotea ilikuwa na uzito gani.

Jumatatu asubuhi nilifika kazini. Nilikuwa karani wa masjala, yaani chumba yanakotunzwa majalada ya ofisi. Pasipoti nilikuwa nayo tangu kozi moja iliyoahirishwa, na ndugu walikuwa wamenichangia tiketi. Ule ulikuwa wakati ambapo mawakala wa safari wa watu binafsi walianza kufungua ofisi kila mtaa. Wakala wa Dar es Salaam aliniambia kwa simu kwamba nitapitia mji mmoja mkubwa wa Ulaya, nikae uwanjani kwa muda wa saa kumi na moja, kisha nipande ndege ya pili. Sitautaja mji huo, maana kanuni zake zimekwisha kubadilika tena mara kadhaa, na nisingependa mtu asome haya akadhani ndivyo zilivyo leo.

Nilimuuliza wakala kama hapo pa kupita nitahitaji viza. Akasema hadhani. Jibu la "sidhani" halikuniridhisha, kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu wa masjala hukifanya: nikatafuta jalada. Mwenzetu mmoja alikwenda Kanada kwa kozi mwaka uliotangulia, akapitia uwanja huo huo. Ripoti yake ilikuwamo. Aliandika wazi kwamba alilala kwenye viti vya ukumbi wa wasafiri na hakuulizwa viza.

Mkuu wangu, Mzee Yohana, Mgogo wa Mvumi aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu, aliisoma ripoti hiyo akaigonga kwa kidole.

"Umeona? Imo kwenye jalada. Nyie Warangi mmezoea kuulizana njiani, sisi tunasoma."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu. Kosa letu lilikuwa hapo hapo. Masjala inakufundisha kwamba karatasi iliyo juu kabisa ndiyo neno la mwisho. Jambo likibadilika, waraka mpya huja, hupigwa mhuri na huwekwa juu yake. Kama hakuna waraka, hakuna mabadiliko. Lakini serikali ya nchi ya mbali haituletei waraka Dodoma. Inabadilisha kanuni yake na kukaa kimya, na ripoti ya mwaka jana inabaki juu ya jalada ikionekana mpya.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Kibaigwa magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, Gairo tukanunua vitunguu dirishani, na jioni nikafika kwa shangazi yangu, Magomeni. Jumatano na Alhamisi zilikwisha kwenye viza ya Kanada. Nashukuru, barua ambayo hospitali iliituma kwa faksi iliwagusa maofisa wa ubalozi. Nilipewa Alhamisi alasiri.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilisimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Dada wa kaunta, mpole tu, aliichukua pasipoti yangu, akafungua kitabu kinene chenye karatasi laini, akapitisha rula chini ya mstari. Kisha akaniuliza viza ya kupita iko wapi. Nikamwambia sitatoka nje ya uwanja, nitakaa ukumbini tu. Nikamwambia pia kuhusu mwenzetu wa mwaka jana.

"Mwaka jana ndiyo, dada. Sasa hivi hata kukaa ukumbini, mwenye pasipoti yetu anahitaji viza."

"Tangu lini?"

Alikifunga kitabu akanionyesha jalada lake la nje. Palikuwa na jina la mwezi. Alinieleza kwamba kitabu hicho hutolewa upya kila mwezi, na cha mwezi uliopita hukitupa. Nilikuwa nimebishana naye kwa karatasi ya mwaka mzima. Nilimwambia mdogo wangu yuko mahututi. Akasema pole, na niliona kwamba inatoka moyoni, lakini akinipandisha, nitarudishwa kutoka huko huko na nisimwone kabisa. Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi mtaa wa ubalozi wa nchi ile ya kupita, akanihimiza niende kabla hawajafunga dirisha la maombi.

Saa tano kasorobo nilikuwa kwenye foleni ya ubalozi huo. Mama mmoja wa makamo mbele yangu, mfanyabiashara wa vitenge, aliitazama fomu yangu akaniambia nibadilishe sehemu moja.

"Umeomba kupita mara moja. Kurudi je? Utarudi kwa miguu, mwanangu?"

Nilibadilisha, nikaomba kupita mara mbili. Karani wa dirishani alipokea fomu, picha, tiketi, viza ya Kanada na barua ya hospitali, akasema nirudi Alhamisi. Nilimwomba anisaidie iwe mapema. Akasema ombi langu limewekwa pamoja na ya dharura, na Alhamisi ndiyo mapema yenyewe.

Jumamosi, Jumapili na Jumatatu nilikaa Magomeni nikiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. 

Jumanne saa tisa alasiri nilikwenda ofisi ya simu, mjini. Siku hizo simu ya ng'ambo uliiombea kaunta, ukasubiri kuitwa kwenye chumba cha kioo. Nilipounganishwa, muuguzi aliniambia Shabani hawezi tena kuongea na hali imeshuka tangu alfajiri ya kwao. Aliniuliza nitafika lini. Nikamwambia viza yangu itatoka Alhamisi. Nilimwomba aweke simu sikioni mwa mdogo wangu na aiache hapo.  Nilisikia shuka ikisugua simu, kisha pumzi zake.

Nilimwamkia kwa Kirangi, nikamwambia Mama anamsalimu na mvua zimeanza. Kisha nikaanza Yasini. Sauti ilinikatika mahali pawili nikarudia. Nje ya kioo watu walikuwa wanangoja zamu, na mwanamume mmoja mwenye mkoba alipaza sauti.

"Dada, hiyo ni simu au mkutano?"

Mwendesha simu alimjibu bila kuinuka. "Anamsomea mgonjwa, kaka. Kaa chini."

Yule mwanamume akaketi. Nilimaliza sura, nikaitamka shahada mara tatu, nikiacha nafasi kila mara. Katika nafasi hizo nilisikia pumzi tu. Kisha muuguzi akarudi kwenye simu, akasema midomo yake ilikuwa ikitikisika.

Alhamisi nilipewa viza, na wakala akanihamishia tiketi kesho yake. Ijumaa dada yule wa kaunta alifungua kitabu chake tena, akapitisha rula, akanipa pasi ya kupandia. Ulaya, ofisa wa uwanja aliitazama viza niliyoingoja siku sita kwa muda usiotosha kuvuta pumzi mbili, akageukia mtu mwingine.

Jumamosi nilifika hospitali. Theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Muuguzi alinikalisha kwanza, na kwa kukalishwa kule nikajua. Shabani alifariki Jumatano. Hospitali iliwatafuta Waislamu wa mji, wakaja kumchukua, wakamzika Alhamisi, siku ile ile niliyosimama dirishani kupokea pasipoti yangu.

Jumapili mmoja wao alikuja kunipeleka kaburini. Aliitwa Abdirahmani, Msomali wa Kismayu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mwambao, laini kuliko changu. Yeye ndiye aliyemwosha Shabani. Alinieleza hatua kwa hatua, kama mtu anayekabidhi kazi: maji yalikuwa ya uvuguvugu, sanda ilikuwa nyeupe ya pamba, watu wa kusali walijaa safu mbili. Alisema hakujua jina la mama wa marehemu, akaomba nimtajie ili amwombee dua. Nilimtajia. Nilisimama kwenye theluji nikasoma tena, safari hii bila simu.

Baada ya siku nne nilianza kurudi. Pale Ulaya nilipita tena salama, nikamkumbuka yule mama wa vitenge na kumshukuru kimyakimya.

Dodoma nilipitia kazini kabla ya kwenda Kondoa. Mzee Yohana alinipa pole, akainamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kusikia kilichonichelewesha. Hatukulaumiana. Tuliketi pamoja tukaandika maelezo kwa ajili ya yeyote atakayesafiri baada yangu, na hapa nayarudia kwa ajili yako. Usiulize tu nchi unayokwenda. Uliza kila nchi ambayo ndege yako itatua, na uulize kwa pasipoti yako, si ya mwenzako. Uliza ubalozi wenyewe na shirika la ndege, na ukipata jibu, andika tarehe uliyojibiwa. Uliza tena wiki ya kuondoka. Omba viza ya kupita ya kurudi pia. Aliyesafiri kabla yako anaweza kukueleza vyema hali ya viti na baridi ya ukumbi. Habari ya kanuni, yeye anajua ya siku yake. Wala usiogope safari kwa ajili ya haya. Ni maswali ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza. Mimi niliyauliza kwa jalada, na jalada halikuwa na jibu.

Kondoa nilifika mchana. Majirani waliokuwa na Mama walitupisha. Nilimwambia yote bila kuficha kitu: kwamba nilichelewa, kwamba nilisoma kwa simu, kwamba nilikuta kaburi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikusikia?" akauliza.

"Sijui, Mama. Muuguzi alisema midomo ilitikisika."

 Kisha akataka kujua aliyemwosha ni nani, na kama ana mama. Nikamjibu kwamba, kama alivyonieleza kaburini, alipotezana na mama yake vita vilipoanza kwao, na mpaka leo hajui kama yu hai.

Mama alinyoosha mkono akanisukumia mkoba wangu.

"Chukua kalamu," akasema. "Mwandikie mwenzako kwamba ana mama Kondoa."