Mkono wa Mama kwenye Sufuria

Mama yangu alikuwa hataki picha. Kanisani kwetu Likasi aliambiwa kwamba uso ukishaingia kwenye simu za watu, wachawi wanaufanyia kazi, na yeye hilo alilishika kuliko mchungaji mwenyewe. Kwa hiyo nilipoanza kuuza sufuria za alumini mtandaoni, alinisaidia kwa sharti.

"Pika foto ya mukono tu," alisema. "Sura yangu haitatembea mu matelefone ya bantu."

Mkono ulihitajika. Wateja walilalamika kwamba sufuria kubwa pichani, ikifika nyumbani, haitoshi bukari, ugali wetu, ya watu wawili. Mama aliposhika mshikio, ukubwa ulionekana. Mkono wake ulikuwa mpana, na kovu la bukari ya moto juu ya kidole gumba.

Haukupita muda, mwanaume mmoja wa Lubumbashi akaanza kuuza kwa picha zangu. Namba yangu niliiandika pembeni, akaikata. Nikaiandika katikati ya sufuria. Akaifuta, sijui kwa ufundi gani. Mkono tu ndio uliomshinda, maana kuutoa ni kutoa na mshikio. Juu yake akapitisha jina la duka lake kwa herufi nyekundu, watu wasimwibie.

"Anauzisha na mukono yangu," mama alisema, "na hata bonjour hakuleta!"

Nilimwandikia yule bwana maneno ambayo mkristo haandiki. Akaifungia namba yangu, nisimwandikie tena.

Mama alifariki wakati wa mvua. Uso wa kwenye kadi yake ya mpiga kura ulikuwa umefutika zamani, jambo lililomfurahisha sana. Nikabaki na picha za sufuria, kwenye simu tu, maana za mtandaoni nilizifuta kila sufuria ilipouzwa. Kisha simu ikatumbukia kwenye beseni la kufulia, na fundi akanirudishia nzima kabisa, haina kitu ndani.

Niliazima simu ya dada yangu, nikafungua ukurasa wa mwizi. Mama alikuwepo, kwenye sufuria tisa. Nililia. Halafu nikaandika kwa adabu, kama anayeomba kazi: mkono huo ni wa mama yangu, ametutoka, naomba zile zisizo na maandishi.

Alijibu kesho yake. "Pole sana, mama. Nakutumia. Lakini usiuzishe nayo, ni mafoto ya magasin yangu."

Nikaahidi, na ahadi sijaivunja. Sufuria sasa nazishika mwenyewe. Mkono wangu ni mdogo kuliko wa mama, sufuria zile zile zinaonekana kubwa, na wateja wameanza tena kulalamika.