Kigelegele cha Kukhu Kilichobaki Tororo

Kukhu, nyanya yangu wa Busia, aliwatangazia kina mama wa kanisa kwamba kigelegele chake kimo ndani ya santuri. Tena si ya kwaya, ni ya dansi. Mapera Jazz, bendi iliyotikisa mpaka huu wa Kenya na Uganda baba yangu akiwa bado kwenye nepi, imetolewa upya kwenye santuri, yaani yale maonyesho yao ya mwanzo yaliyorekodiwa ukumbini. Shida ni kwamba santuri ya kila onyesho inauzwa katika mji lilikopigwa tu. Ya Busia tulikuwa nayo, ya Kisumu tulikuwa nayo. Ya Tororo, Kukhu alikopigia kigelegele, ilikuwa Tororo.

"Kigelegele gani?" akauliza Mama Akoth, jirani ambaye amegombana na Kukhu tangu wote wawili wana meno. "Wewe hata harusini kwako ulinuna."

Kukhu akamwalika Jumamosi, yeye na kina mama wote, waje wasikie. Shule zilikuwa zimefungwa na mtu asiye na kazi nyumbani alikuwa mmoja. Ijumaa asubuhi nikatumwa.

Mpakani, afisa aliniuliza nafuata nini Uganda.

"Sauti ya nyanya yangu."

"Amepotea?"

"Yuko nyumbani, afande. Sauti ndiyo ilibaki."

Alinipitisha haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Kutoka hapo nilipanda boda. Ule mwamba wa Tororo huonekana mapema, ukadhani umefika, na hujafika. Kila kona uko palepale unakutazama, kama mwalimu wa zamu.

Tororo mjini, mchana, nikampata Mzee Othieno, fundi wa redio anayeuza santuri. Kwake hununui kabla ya kusikiliza, na husikilizi ukiwa na njaa. Mkewe, Mama Nyafwono, akaniwekea kwon, ugali wao wa wimbi, pamoja na samaki.

"Wewe kula," mzee akasema. "Santuri hapana kimbia."

Wimbo wa tatu, kigelegele kikapaa. Kirefu, kitamu, na mkwaruzo kidogo mwishoni. Nilikuwa karibu kupiga makofi Mama Nyafwono alipoweka bakuli chini.

"Huyo ni mimi," akasema, akakirudia palepale. Kilekile, na mkwaruzo wake. Mbwa wa jirani akaitikia.

Nikameza tonge bila kutafuna. "Labda alikuwepo mwingine, mama?"

"Mwingine nani? Nyinyi ya Kenya napenda kuchukua kila kitu."

Mzee akainua kidole. "Ngoja. Sasa nakuja Mama Mkali."

Gitaa zikapungua kidogo, na sauti ya mwanamke ikawakaripia wanamuziki: "Punguzeni, mtoto amelala." Kwenye dansi. Nilicheka mpaka wimbi likanitokea puani.

"Tororo yote nacheka huyu," mzee akasema. "Hapana jua ni nani."

Jioni nilirudi Busia na santuri yenye kigelegele cha mtu mwingine. Kukhu alikuwa ameshaazima viti.

Jumamosi, kina mama walipoketi, nilizima umeme kwenye swichi kuu na kutangaza kwamba umepotea. Baba, ambaye kila likizo hunihubiria kwamba disko ni mlango wa jehanamu, akaenda akauwasha.

Wimbo wa tatu. Kigelegele kikapaa. Kukhu akainamisha kichwa.

"Hicho si changu," akasema polepole.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Mama Akoth akaanza kukunja leso yake kama mtu aliyemaliza kazi. Ndipo gitaa zikapungua: "Punguzeni, mtoto amelala."

Leso ikaanguka.

"Huyo ni wewe," Mama Akoth akasema.

"Si mimi. Mimi nilipiga kigelegele."

"Nyamaza. Sauti hiyo imefukuza kuku wangu tangu nilipoolewa hapa. Naijua hata usingizini."

Kukhu akaomba irudiwe. Mara ya pili mabega yake yakaanza kutikisika, ya tatu akawa anafuta machozi ya kicheko kwa leso ya Mama Akoth.

"Kweli, nilikuwa na mtoto mgongoni," akasema. "Yule pale."

Sote tukamgeukia Baba.

Safari imenifunza kwamba ukitaka shahidi wa kuaminika, achana na marafiki, mtafute jirani mliyegombana naye maisha yote. Na Baba akinikataza disko siku hizi sibishani. Naweka santuri ya Tororo, wimbo wa tatu, naongeza sauti ikifika pale mtoto alipolala.