Kengele Niliyopeleka Ukweni

Jamani, mkiniona nakwenda ukweni Kinole, huko mlimani, huku nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi, msidhani naogopa jua. Ni aibu, tena aibu niliyojitengenezea mwenyewe, na kwa kuwa Mzee Salumu ameshaisimulia vibaya mji mzima, afadhali niisimulie mimi.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, reli imeshafika Morogoro, nami ni msaidizi katika ofisi ya simu, ile ya kugonga inayopeleka maneno kwa waya hadi pwani, na nimeposa binti wa Kinole, Zainabu, ambaye nikimfikiria nilikuwa nakosea hata kugonga. Sasa kwetu Waluguru mnajua, baba wa binti anakaa anatabasamu tu, mwenye neno ni mjomba, na mjomba wake, Mzee Kibwana, akamwambia mshenga wangu, huyo huyo Mzee Salumu: "Simtoi mtoto wa dada yangu kwa mtu anayelipwa kwa kugonga meza. Aje Ijumaa anieleze. Nikielewa atampata, nisipoelewa asirudi."

Ningekwenda na mdomo wangu tu, yangeisha salama. Lakini mimi mjuaji nikaona maneno hayatoshi, nikachukua kengele ya umeme iliyokuwa imelala stoo na chupa tatu za betri zenye maji ya chumvi (bwana wetu Mjerumani alikuwa safarini, na kweli, sikumwomba), nikapanda nazo mlima zikichuruzika mgongoni, Mzee Salumu akinicheka njia nzima.

Tukafika, tukatoa shikamoo zetu, tukaketi mkekani, tukanawa, tukala. Mama yake Zainabu alipoleta sinia niligeukia ukuta, naye akajifunika kanga akapita ubavu, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, sembuse kugusana. Baada ya kula tukanawa tena, na hapo hapo, mikono inadondoka maji, nikaanza somo langu.

"Mjomba, umeme hauendi mahali usipoona njia ya kurudi," nikasema, nikaunga waya kutoka chupa hadi kengele na mwingine kutoka kengele kurudi chupa, na kengele ikalia trrrr, kuku wakaruka uani. Nikachomoa waya mmoja, kimya. Nikarudisha, trrrr. Mzee Kibwana akasogea, macho yamemtoka kwa raha. "Na mtu je? Anaweza kuwa njia?"

Ningesema hapana. Ila nilikuwa nimeshajaribu ofisini, ukijiunga pande mbili za kile kinyundo cha kengele, kila kinapokata njia, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya kengele, inakupiga teke dogo, mtekenyo wa sisimizi tu. (Ofisini mikono yangu ilikuwa mikavu. Mwalimu alitufundisha kwamba ngozi iliyolowa maji inapitisha umeme kuliko kavu, na nililijibu swali hilo vizuri sana kwenye mtihani.) Basi nikampa mjomba msumari uliofungwa waya, nikashika mwingine, Mzee Salumu akakaa katikati ametushika mikono sote wawili, nikaunga betri kwa kidole cha mguu.

Sisimizi gani! Mzee Salumu aliita mama yake aliyekufa zamani. Mjomba mkono ukajikunja kwenye msumari ukakataa kufunguka, naye anapiga kelele, "Niachie! Niachie!" na mimi nataka kumwachia lakini wangu nao umekataa, kengele inalia, kuku wanalia, na hapo mama mkwe akaingia mbio kumwokoa kaka yake. Akamshika kaka yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, ili atutenganishe, akanishika mimi, naye akawa njia.

Tulianguka wanne juu ya chupa. Maji yakamwagika, kengele ikanyamaza, na katika kimya kile nikaona mkono wangu umo ndani ya mkono wa mama mkwe, nami namtazama usoni. Akajifunika kanga akatoka. Nilitamani ardhi inimeze, Zainabu nikajua ndiyo basi tena.

Mzee Kibwana alikuwa bado anajipuliza vidole aliposikia sauti ya dada yake nyuma ya ukuta.

"Kaka, ulitaka uielewe kazi yake. Umeielewa?"

"Nimeielewa mpaka kwenye meno."

"Basi mpe. Akiwa mkwe, nimevunja mwiko, tutautengeneza wenyewe nyumbani. Asipokuwa mkwe, nimeshikana mikono na mwanamume wa njiani mbele ya watu. Hilo utalitengenezaje?"

Mjomba akanitazama, akautazama msumari. "Atampata," akasema.

Tangu siku ile niliapa kazi ya ofisini ibaki ofisini, na sijavunja. Hata hivyo mpaka leo nikifika uani mama mkwe anauliza kwanza kutoka nyuma ya mlango: "Umekuja na nini?" Namjibu sina kitu, ndipo nasikia mlango ukifunguliwa. Wakwe wenzangu wakienda mikono mitupu wananuniwa, mimi nachinjiwa kuku.