Lori Lililokuwa Likisimama Mwimbi

Kaka yangu alizitilia shaka safari zangu za Dodoma tangu ile ya kwanza. Tulikuwa tukiendesha pamoja biashara aliyotuachia baba: duka la jumla Sumbawanga mjini na malori machache ya kubeba mahindi. Kaka aliendesha lori mojawapo na kuwasimamia madereva wenzake. Mimi, niliyesomea takwimu chuoni, nilikaa ofisini nyuma ya duka. Nilipomwambia nimealikwa kwenye mkutano wa wataalamu wa data, aliuliza nani anagharamia.

"Nauli yangu mwenyewe. Chakula wanatoa wao."

"Watu wasiokujua wakulishe bure? Wanataka nini kwako?"

Hata mimi nilijiuliza hivyo. Ukumbini tulivalishwa vitambulisho shingoni na kupewa mikoba mizuri, halafu wasemaji wakapokezana kutuambia kwamba data nyingi, zile zinazokusanywa na simu na mashine mpaka hakuna jicho la kuzisoma zote, zitabadilisha kila kitu. Nilikaa safu ya nyuma nikisubiri waseme wanauza nini. Na kweli, nje ya ukumbi meza za wauzaji zilikuwa zimepangwa tayari.

Lakini mchana mmoja alipanda jukwaani mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye usafirishaji. Alituonyesha kwamba rekodi za gari, mahali lilipo na mwendo wake, ukiziweka pamoja kwa miezi, zinakwambia mzigo unachelewa wapi na mafuta yanapotelea wapi. Sisi vifaa vya kufuatilia magari tulikuwa navyo tangu lori letu moja lilipoibiwa. Nilikuwa navitumia kujua gari liko wapi sasa hivi, basi. Mama yule alipomaliza nilimfuata, tukaongea mpaka chai ikapoa.

Niliporudi niliwakuta madereva uani wakifunga turubai. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kujifunza kitu.

"Sasa tutajua dereva gani anatumaliza," niliwaambia.

Walicheka kidogo. Kaka hakucheka. Aliendelea kukaza kamba.

Baada ya hapo alibadilika. Nikipokea simu, alinyamaza kusikiliza. Nilipokwenda mkutano wa pili, alimwambia mama kwamba natafuta wabia wengine huko, kwamba siku moja tutaamka tukute biashara ina wenyewe. Mama aliniambia yote, nami nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze kuzisoma zile rekodi kwa makini, kama mtu anayetafuta kosa.

Nililipata. Lori moja, kila likitumwa Kasanga ziwani, lilikuwa linapinda kwenda Mwimbi na kusimama huko saa nzima, mara nyingine zaidi. Mwimbi hatukuwa na mteja. Lori lenyewe lilikuwa la kaka.

Niliwaza mwanamke. Kisha nikawaza magunia yetu yanashushwa na kuuzwa pembeni. Wakati wa kula nilimtazama usoni, naye akanitazama.

"Safari hii mlipita njia gani kwenda Kasanga?" nilimuuliza siku moja, nikijifanya sina neno.

"Kwani Kasanga kuna njia ngapi?"

Alipotumwa tena, nilipanda basi nikamfuata. Niliposhuka Mwimbi nilikodi bodaboda, nikamwonyesha kijana kwenye simu mahali alama ya lori ilipokuwa imesimama. Upepo ulikuwa mkali, nimejifunga mtandio mpaka puani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia.

Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya jengo la matofali ya kuchoma lililofika usawa wa madirisha. Fundi alikuwa juu ya jukwaa la miti. Kaka alikuwa chini, kakunja suruali, anakoroga udongo kwa jembe. Aliponiona aliliacha jembe limesimama humohumo.

"Umejuaje niko hapa?"

Nilimwonyesha simu. Alitikisa kichwa.

"Nilijua tu. Ndiyo kazi mnayofundishana huko."

"Hili ni jengo la nani, kaka?"

"Langu. Ghala. Nitanunua mahindi hapahapa kwa wakulima, nibebe mwenyewe."

"Umelijenga kwa mahindi ya nani? Kwa lori la nani?"

"Hakuna gunia lenu hata moja humu. Nenda kahesabu." Alinawa mikono kwenye ndoo, taratibu, kama anayejizuia. "Ulitoka Dodoma ukasimama uani ukasema utamjua dereva anayekumaliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Mimi si dereva?"

"Sikukusema wewe."

"Ulimsema nani?"

Yale maneno niliyoyapanga njiani hayakunifaa kitu. Fundi alijifanya anapima ukuta.

Turubai, magunia na stakabadhi za kupokelewa mzigo vilikuwa sawa. Nilihakikisha niliporudi, kwa siri, na kaka alijua nimehakikisha. Hatukuweza tena kufanya kazi pamoja. Mama alituita, akatuambia tugawane tungali tunasalimiana. Kaka alichukua lori lake, mimi nikabaki na duka na malori yaliyosalia. Kabla hajaondoka alimwita fundi umeme aking'oe kile kifaa cha kufuatilia gari, akaniwekea mezani. Siku hizi tunakutana sokoni wakati wa mavuno. Ananiuzia mahindi kwa bei ileile anayowauzia wengine, nami siombi punguzo.

Mikutano bado nakwenda, na bado nakaa nyuma. Mwaka jana kijana mmoja mtafiti alinifuata wakati wa chai, akaniomba rekodi za magari yetu kwa ajili ya utafiti wake wa barabara. Majina yangefutwa, alisema. Nilimwambia nitawauliza madereva kwanza.

"Lakini magari si ni ya kwako, dada?"

"Ndiyo. Wanaoyaendesha ni wao."

Alinipa namba yake, lakini niliona amekata tamaa. Niliporudi niliwaeleza madereva uani, taratibu, nani anataka nini na ya nini. Mmoja alisema haina shida. Mwingine alifikiri sana, akauliza kama mke wake ataweza kuziona hizo rekodi.

Nilimpigia yule kijana nikamwambia tutampa rekodi za gari moja, la yule aliyekubali.